Kupanga safari za metro ya Kampala: kuanzia hesabu ya abiria hadi idadi ya mabehewa

Teksi ya Kampala ina nafasi za abiria 14. Ukitaka kupitisha watu 16,000 kwa saa moja pale Nakawa, wote wakielekea mjini kwa Barabara ya Jinja, utahitaji teksi zaidi ya 1,140, yaani moja kila sekunde 3, na isisimame hata moja kushusha mtu. Barabara haina uwezo huo, na hata ukiipanua haitaupata. Metro inao, ila kwa masharti. Masharti yenyewe huamuliwa miaka mingi kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi: urefu wa jukwaa, mahali pa kugeuzia treni, upana wa mlango wa behewa, ukubwa wa yadi ya kulaza treni. Ukikosea hapo, hakuna ratiba itakayokuokoa.

Mwongozo huu nauandikia wahandisi vijana, maofisa mipango wa Kampala, Wakiso na Mukono, wanafunzi, na wanahabari wanaotaka kujua waulize nini mradi ukitangazwa. Kampala bado haina metro. Ina treni ya abiria ya dizeli iliyorudishwa Desemba 2015 kati ya mjini na Namanve, kwenye reli ya upana wa mita 1 iliyofika jijini mwaka 1931. Treni hiyo imetufundisha jambo kubwa: ukiwa na njia moja tu, tena unaitumia pamoja na treni za mizigo, hata abiria wajae vipi, safari zako zitakuwa nyingi kadiri ya sehemu ulizo nazo za kupishania treni.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: njia ya Busega hadi Bweyogerere kupitia katikati ya jiji, kilomita 18, vituo 14, reli moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Urefu, vituo na idadi ya abiria nimeviweka kwa ajili ya hesabu tu. Vya kwako utavipata kwa kupima na kuhesabu mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta saa nzito kwenye kipande kizito

Wanasiasa hupenda idadi ya abiria kwa siku. Idadi hiyo inafaa kukadiria mapato, lakini haikwambii ununue treni ngapi. Unachohitaji ni watu wangapi, kwa saa nzito kuliko zote, wanapita kipande kilichojaa kuliko vyote, upande mmoja tu. Kipande hicho kikitosheka, vingine vyote vitatosheka.

Weka wahesabuji Nakawa, Kibuye, Natete na Kalerwe, na katika kila barabara inayoingia mjini ambayo njia yako itashindana nayo. Wahesabu kuanzia saa 11 alfajiri, kila dakika 15 ukurasa mpya, wakiandika aina ya gari na jinsi lilivyojaa. Fanya hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, kwa sababu likizo hupunguza sana safari za asubuhi. Siku za mvua ziwekee daftari lake: mvua ikinyesha, abiria wa bodaboda hukimbilia gari lenye paa, na treni yako itakuwa na paa.

Kuhesabu magari peke yake hakutoshi. Abiria anayeshuka kwenye Old Taxi Park huenda safari yake ni ya Makerere au Ntinda, amepita mjini kwa sababu teksi zote hupita huko. Muulize ametoka wapi na anafika wapi, maana jibu lake ndilo litakaloonyesha vituo vya kubadilishia vinapaswa kuwa wapi. Sensa ya 2024 ilikuta Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3, na wengi wao hulala huko lakini mchana wapo Kampala. Kwa hiyo asubuhi treni zako zitajaa upande mmoja na kurudi zikiwa na nafasi, na jioni itakuwa kinyume. Halafu kuna watembea kwa miguu, ambao Kampala ni wengi mno. Wengi hutembea kwa kukosa nauli, na ukiwaingiza kwenye hesabu bila kujua tiketi itauzwa bei gani, utakuwa umejaza treni kwenye karatasi tu.

Katika mfano wetu, kipande kizito ni Nakawa kuelekea mjini: watu 16,000 kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Usipange kwa 16,000. Watu hawaji kwa usawa. Robo saa nzito kuliko zote ina watu 4,700. Zidisha mara 4, upate kasi ya 18,800 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kupangia. Ukipanga kwa wastani, kila siku ya kazi kutakuwa na robo saa ambayo watu wanaachwa jukwaani.

Hatua ya 2: Jua behewa linabeba watu wangapi

Tuchukue behewa la urefu wa mita 20 lenye viti 40 na eneo la kusimama la mita za mraba 35. Wauzaji huweka watu 6 kwa kila mita ya mraba, wengine hata 8. Kwa 6, behewa linabeba 250. Kwa 4, linabeba 180.

Panga kwa 4. Katika msongamano wa watu 4 kwa mita ya mraba, mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kugeuka na kufika mlangoni kabla haujafungwa, na mwanafunzi anaweza kuteremsha begi lake begani. Kwa 6, kila anayeshuka lazima kwanza aliye mbele yake ashuke, na treni inachelewa. Tena abiria hawajigawi sawasawa: behewa linalosimama karibu na ngazi hujaa kwanza, la mwisho lina nafasi. Hiyo tofauti ya 4 na 6 ndiyo inayobeba kutolingana huko, pamoja na siku ya mvua na siku ambayo treni iliyotangulia imeharibika. Ukiiuza mapema, huna akiba tena.

Treni ya mabehewa 4 basi inabeba 720, na ya mabehewa 6 inabeba 1,080.

Hatua ya 3: Treni ndefu chache au fupi nyingi

Gawanya. 18,800 kwa 720 ni kama 26.1, kwa hiyo treni 27 kwa saa, moja kila sekunde 133. 18,800 kwa 1,080 ni 17.4, kwa hiyo treni 18 kwa saa, moja kila sekunde 200. Muda huo kati ya treni na inayofuata nitauita mwachano.

Sasa mzunguko. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 33 kwa saa, vituo vikiwemo, kilomita 18 zinachukua dakika 33. Kwenda na kurudi ni 66. Weka dakika 7 kila mwisho kwa kugeuza na kufidia ucheleweshaji, jumla dakika 80, yaani sekunde 4,800. Gawanya kwa 133 upate treni 36 za mabehewa 4. Gawanya kwa 200 upate treni 24 za mabehewa 6. Mabehewa ni yale yale: 144 kwa 144.

Hapa wengi husema, basi chagua treni fupi, abiria asubiri kidogo. Ni kweli kusubiri kwa wastani kunashuka kutoka sekunde 100 hadi 67. Lakini sekunde 33 ni nafuu ndogo sana kwa mtu aliyezoea kukaa kwenye teksi stejini akingoja ijae. Na kwa nafuu hiyo unalipia madereva wa treni 36 badala ya 24, mfumo wa ishara unaokaribia kikomo chake, na njia ambayo ikijaa huna pa kuongeza.

Ushauri wangu hauyumbi: jenga majukwaa ya mabehewa 6, mita 120, hata kama mtafungua na treni za mabehewa 4. Kila sekunde 200, mabehewa 4 yanakupa nafasi 12,960 kwa saa, kiasi kinachoweza kutosha miaka ya mwanzo, na abiria wakiongezeka unaongeza mabehewa mawili kwa kila treni bila kugusa zege. Kurefusha jukwaa lililo chini ya ardhi huku treni zikiendelea kutembea ni kazi ya mateso na fedha nyingi. Njia ya Victoria ya London, iliyofunguliwa 1968, inapitisha treni 36 kwa saa nyakati za msongamano tangu 2017, lakini ilifika hapo baada ya kubadilishiwa treni na mfumo mzima wa ishara. Mfumo mpya usianze kwa kuahidi hivyo.

Hatua ya 4: Sekunde za kituoni

Hii ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Njia haina uwezo mkubwa kuliko kituo chake kibaya, na kituo kibaya karibu kila mara ni kile cha katikati ya jiji.

Fikiria treni ya mabehewa 6 imeingia kituo cha mjini saa 1:20 asubuhi. Asilimia 60 wanashuka, watu 648. Wanaopanda ni 200. Jumla 848. Kila behewa lina milango 4 upande wa jukwaa, kwa hiyo milango 24, wastani wa watu 35 kwa mlango. Lakini mlango ulio mbele ya ngazi hupata mara moja na nusu ya hapo, watu 53. Kwa mlango mpana wa kupitisha wawili wawili, kadiria sekunde 0.6 kwa mtu: sekunde 32. Ongeza 12 za kufungua, kufunga na kupata ruhusa ya kuondoka. Umefika kama sekunde 45.

Baada ya treni kuanza kuondoka, inayofuata inahitaji kama sekunde 60 kuingia na kusimama salama. 45 na 60 ni 105. Ukiwa na mwachano wa sekunde 133, akiba yako ni sekunde 28. Ukiwa na 200, akiba ni 95. Na usidhani treni fupi itasimama kwa muda mfupi zaidi, maana watu wamepungua na milango nayo imepungua. Hesabu ya kila mlango inabaki ile ile.

Sasa leta soko la Owino. Mfanyabiashara anashuka na robota la mitumba, nyuma yake mwingine ana mkungu wa matoke ndani ya gunia. Kila mmoja anakula sekunde 5 hadi 8 mlangoni. Watu watano wa namna hiyo kwenye mlango mmoja na akiba ya sekunde 28 imekwisha. Treni ya nyuma inasimama njiani, na jukwaani watu wanazidi kujaa kuisubiri, kwa hiyo nayo itachelewa zaidi ikifika. Wafanyabiashara hawa ni abiria wetu halali na usafiri wa umma ni wao pia. Kwa hiyo amua mapema: mzigo mkubwa upande baada ya saa 3 asubuhi, na kwenye behewa la mwisho lenye eneo lisilo na viti. Liandike kwenye masharti ya tiketi na litangazwe sokoni miezi kadhaa kabla.

Ngazi na mageti nayo ni sehemu ya uwezo wa treni. Geti moja hupitisha kama watu 25 kwa dakika. Ili 648 watoke kabla treni nyingine haijaingia, unahitaji mageti 8 ya kutokea, na treni za pande mbili zikifika pamoja, zidisha. Weka ngazi za vituo mbalimbali katika sehemu tofauti za jukwaa, hapa mwanzoni, pale katikati, ili abiria wasirundikane behewa lile lile njia nzima. Uamuzi huo ni wa msanifu wa kituo, lakini faida yake inaonekana kwenye ratiba.

Hatua ya 5: Mwisho wa njia

Tuliweka dakika 7 za kugeuza. Je, zinawezekana? Busega ikiwa na majukwaa mawili na treni inafika kila sekunde 200, kila jukwaa linapokea treni kila sekunde 400. Dakika 7 ni sekunde 420. Haiwezekani! Na ukitoa kama sekunde 90 za treni moja kutoka na nyingine kuingia, treni haiwezi kukaa jukwaani zaidi ya dakika 5 hivi.

Ratiba nyingi zinazopendeza kwenye karatasi hufia hapa. Una njia tatu. Ya kwanza ni kujenga reli ya tatu kituoni, ambayo ndiyo ningechagua kwa Busega kwa sababu treni iliyoharibika itapata pa kuwekwa. Ya pili ni kupitisha treni mbele ya kituo igeukie huko. Inafaa Bweyogerere, kama yadi itakuwa upande huo. Ya tatu ni kubaki na majukwaa mawili, dereva mwingine asubiri upande wa pili treni ifikapo, ili anayefika asitembee mita 120 kwenda kuishika kutoka nyuma. Njia hii haihitaji ujenzi, ila inataka dereva wa ziada kila zamu, na dakika zilizopunguzwa lazima uziweke kwingine kwenye mzunguko.

Chochote utakachochagua, sehemu za kubadilishia reli ziwe karibu na jukwaa. Kila mita mia unazozisogeza mbali zinaongeza sekunde ambazo treni nyingine haiwezi kupita.

Hatua ya 6: Treni za kununua

Treni 24 za njiani, 1 iliyo tayari na dereva wake ikisubiri dharura, na 3 za karakana. Jumla 28, mabehewa 168. Mtu wa fedha atauliza kwa nini ununue treni 4 zisizobeba abiria. Mwonyeshe Addis Ababa, waliofungua reli yao nyepesi mwaka 2015 wakiwa na treni 41. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri, na waliobaki stendi ni wananchi. Mkataba wa kununua treni uwe pia mkataba wa vipuri, wa vifaa vya karakana, na wa kufundisha mafundi wa hapa mpaka waweze kufungua mfumo wa breki na wa milango bila kumpigia mtu simu ng'ambo.

Madereva wasisahaulike. Mimi huanza na madereva 4 hadi 5 kwa kila treni inayotoka asubuhi, ukihesabu zamu, likizo na ugonjwa. Kwa treni 24 ni watu 96 hadi 120, na mafunzo yao yaanze mapema, treni zikiwa bado hazijafika.

Hatua ya 7: Saa zilizobaki

Mchana punguza hadi treni moja kila sekunde 400, kwa hiyo treni 12 njiani. Usipite dakika 10 hata usiku, maana abiria akianza kuangalia saa kabla ya kutoka nyumbani, bodaboda imeshampata. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri funga njia kabisa; reli, nyaya na ishara hukaguliwa wakati huo, na saa hizo zikiporwa kwa safari za ziada, malipo yake huja kwa treni kuharibika saa ya msongamano.

Yadi ikiwa Bweyogerere pekee, treni ya kwanza itafika Busega zaidi ya nusu saa baada ya kuondoka. Laza treni nne au tano upande wa Busega kila usiku. Kwa Juni 3, mahujaji wanapomiminika Namugongo, na kwa siku za mechi kwenye uwanja wa Namboole, andaa ratiba kamili za pekee zenye treni zinazogeukia karibu na tukio, na foleni ipangwe nje ya kituo, si jukwaani.

Umeme: bwawa la Karuma lenye megawati 600 limeipa nchi nguvu ya kutosha, lakini metro inazimwa na hitilafu ya laini ya umeme ya mtaani. Kila kituo cha kupozea umeme kilishwe kutoka pande mbili tofauti. Maji: njia ikivuka bonde la Nakivubo au Lubigi, milango ya vituo iwe juu ya kiwango cha mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wakazi, na uwaulize wakazi wenyewe.

Hatua ya 8: Ratiba ya siku mbaya

Treni itakwama Kireka, kati ya Nakawa na Bweyogerere, saa 1:30 asubuhi. Ukiwa na sehemu za kuvuka reli kila kilomita 4 au 5, bado unaweza kuendesha Busega hadi Nakawa na kurudi. Bila hizo, njia nzima inalala. Andika mpango wa kila kipande: treni zipi zinageukia wapi, kila baada ya dakika ngapi, nani anatangaza, kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Kisha fanyeni mazoezi usiku mpaka chumba cha uongozaji kiweze kuuanzisha ndani ya dakika 5.

Hatua ya 9: Kufungua na kuongeza

Metro ya Delhi ilipofunguliwa Desemba 2002, umati uliofika siku ya kwanza ulizidi kwa mbali uwezo wa kipande kidogo kilichokuwa tayari. Watu walikuja kuiona. Kampala itakuwa hivyo hivyo. Endesheni ratiba kamili bila abiria kwa miezi kadhaa, kisha fungueni na mwachano mnaoweza kuutimiza kila siku. Treni kila dakika 5 isiyokosa inajenga imani haraka kuliko kila dakika 3 inayopatikana siku mbili kwa wiki. Kabla ya siku hiyo, kaeni na viongozi wa steji za teksi na bodaboda mkubaliane watasimama wapi kwenye kila kituo, kwani ndio watakaowaleta abiria wenu.

Baada ya hapo hesabu kila wiki, robo saa nzito, kipande kizito. Ikifika asilimia 85 ya nafasi za watu 4 kwa mita ya mraba kwa mwezi mzima wa shule, agiza mabehewa ya kurefusha treni. Usisubiri ifike 100. Kati ya kusaini mkataba na behewa kubeba abiria hupita miaka 2 au 3, na katika muda huo Bweyogerere na Busega zitaendelea kukua.